Majina ya stori za kufikirika yanatoka wapi, na mtunzi anajuaje stori ipi aiendeleze

Wasomaji wa simulizi za kufikirika, zile zenye falme ambazo hazipo kwenye ramani na viumbe ambavyo hakuna aliyewahi kukutana navyo, wana maswali mawili wanayoulizaga kila siku. La kwanza ni hayo majina mtunzi anayatoa wapi. La pili ni mbona ile stori aliyoiacha njiani haimalizii wakati hii nyingine ambayo ilishaisha vizuri tu anaitolea sehemu ya pili na ya tatu. Wengi wanayachukulia kama maswali mawili tofauti, moja la ufundi na jingine la uvivu au hela, ila mimi naona majibu yake yanakaa sehemu moja na nataka niyafungue taratibu, kwa sababu hapa Dodoma kuna vijana wanaandikia kwenye simu, wanaposti sehemu moja moja kwenye magrupu, wana kipaji kabisa, alafu wanakwama palepale sehemu ya 20 na kitu, stori imeshajaa watu na haijulikani inaelekea wapi. Na ukiichunguza ilipokwamia unakuta tatizo lilianzia kwenye majina.

Tuanzie hapahapa nyumbani. Nenda kituo cha daladala usikilize makonda wanavyoita abiria, Nkuhungu Nkuhungu, Nzuguni, Ntyuka, alafu fungua orodha ya kata za jiji ukutane na Chihanga, Chigongwe, Chahwa, Ng'hong'hona, toka nje kidogo uingie Chamwino, Chilonwa, Chinangali, nenda Bahi ukutane na Chipanga na Chikola. Mtu wa Mtwara ambaye hajawahi kuvuka hata Gairo ukimsomea hayo majina anajua kabisa hawa ni watu wa sehemu moja, na hakuna aliyemwambia, ni sikio lake tu limeshika ile Chi inayorudi rudi, zile nk na nz na nty za mwanzoni, na ile ng'h ambayo mgeni anaitamka kwa shida.

Sasa panda juu mpaka Kondoa, mkoa uleule wa Dodoma. Haubi, Pahi, Kolo, Busi, Thawi. Ile Chi ya Wagogo imepotea, majina yamekuwa mafupi, ukishasema umeshamaliza, umeingia kwa Warangi. Kata uende upande wa Chemba unakutana na Farkwa, na hapo hata herufi zenyewe zimekaa vingine, kwa sababu umefika kwa Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko, zile sauti za kudokoa kwa ulimi, na haina undugu na Kigogo wala Kirangi. Yaani umepita kwenye lugha tatu bila kuongea na mtu yeyote, umesoma majina ya sehemu basi. Hicho ndicho mtunzi wa stori za kufikirika anachokitafuta usiku na mchana, msomaji ausikie mpaka wa nchi kwa sikio kabla hajaambiwa kwamba mhusika ameshavuka.

Kwahiyo jina halitungwi peke yake. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, maana mtu anatunga jina moja leo kwa kuwa limemjia na linasikika kali, kesho anatunga jingine kalitoa kwenye gemu, keshokutwa anageuza jina la rafiki yake kinyumenyume, na watu wote hao anawaweka kijiji kimoja wanakula ugali sufuria moja. Msomaji hatasema kitu, ila atakuwa haamini. Atasoma kama anayeangalia igizo ambalo kila mwigizaji kaja na nguo zake kutoka nyumbani. Na ukifika sehemu ya 15 unahitaji jina la kijiji kipya huna pa kulitoa, inabidi ukae tena usubiri likujie, ndio mwanzo wa kukwama huo.

Tolkien, yule Mwingereza ambaye wengi wanamjua kupitia muvi za ile pete, The Lord of the Rings, alikuwa profesa wa lugha kule Oxford na alianza na lugha kabla ya stori, alitunga lugha za wale viumbe wake warefu, moja akaipa ladha ya Kifini na nyingine ladha ya Kiwelisi, alafu ndio watu na milima na mito ikapata majina kutokea humo. Sikwambii nawe utunge lugha nzima, hiyo ni kazi ya miaka na wengi wanaojaribu wanaishia kuandika kamusi badala ya riwaya. Unachohitaji ni sheria chache za sauti. Hawa watu wanapenda herufi zipi, zipi hawana kabisa, majina ya vijiji vyao yanaanzaje, majina ya watu yanaishiaje, ni marefu au mafupi. Sheria nne tano tu kwa kila jamii, unaziandika pembeni na hauzivunji bila sababu.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna bahati ambayo nadhani hatujaitumia hata robo. Ukipata shina moja la jina umeshapata vitu vinne kwa mpigo: mtu mmoja, watu, nchi na lugha. Mgogo, Wagogo, Ugogo, Kigogo. Mwandishi wa Kiingereza inabidi ahangaike nchi aiiteje na watu wake awaiteje, wewe unabadilisha kiambishi tu. Ila bahati hiyo ina mtego wake, lazima shina ulipitishe kwenye viambishi vyote kabla hujalipenda. Chukua shina la -kuta. Wakuta, kabila la mashujaa, linasikika vizuri kabisa, Mkuta wa kwanza kuvuka mto, safi, alafu unafika kwenye nchi yao na inaitwa Ukuta. Imekufa hapohapo. Chukua -zani, Wazani wako sawa ila nchi yao ni Uzani, umeshapelekwa kwenye darasa la fizikia. Chukua -zunga, kila ukiandika Wazunga msomaji anasoma wazungu. Mengi yanaangukia hapa na ni afadhali yaangukie kwenye daftari kuliko kwenye sehemu ya 8 watu wakiwa wameshaisoma.

Tufanye moja tulione likikua. Tuseme nataka watu wanaoishi kwenye mbuga inayojaa maji masika na kukauka kabisa kiangazi, kama ile ya Bahi, watu wa samaki nusu mwaka na mifugo nusu mwaka. Nachukua shina -duhwa. Mduhwa, Waduhwa, Uduhwa, Chiduhwa. Nimetumia Chi badala ya Ki kwa makusudi, nataka sikio la msomaji liende katikati ya nchi lisiende pwani. Sheria zao: hawana r kabisa, vijiji vyao vyote vinaanza na I na vina silabi tatu. Imbwela, Ilamwa, Ing'onde. Nikitaka kingine hata saa nane usiku ninacho. Alafu nawapa majirani wanaokaa juu kwenye mawe makubwa, majina ya silabi mbili tu, r inaruhusiwa, hakuna mb wala ng' wala nd. Haro, Reko, Sati. Sasa andika sentensi moja tu, "Haro aliingia Ilamwa jua likizama", na msomaji aliyefika hapo tayari anajua huyu ni mgeni, ametoka juu kwenye mawe, na pengine mapokezi yake hayatakuwa mazuri. Hujaeleza chochote.

Vyeo navyo vinaingia humuhumu. Ukimwita kiongozi wao mtemi msomaji wa Singida, Dodoma, Tabora na Shinyanga anaona kigoda na ng'ombe na mvua inayosubiriwa, ukimwita sultani umeshampeleka Unguja, ukimwita mangi umeshapanda naye Kilimanjaro. Cheo kimoja kinabeba mavazi, chakula na nyumba bila wewe kuandika hata mstari mmoja. Na kabla hujaposti, muulize mtu mzima anayeijua lugha uliyoazima sauti zake, maana unaweza ukatunga neno ukadhani ni jipya kumbe ni tusi, au ni ukoo wa watu wapo kabisa na wewe umewafanya wachawi wa kwenye stori yako.

Sasa tuje kwenye majina yenye maana, hapa pana jambo zito. Shaaban Robert kwenye Kusadikika, kitabu cha 1951, aliijenga nchi inayoelea angani na watu wake akawapa majina ambayo ni maneno ya kawaida: mshitakiwa anaitwa Karama, waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Unamjua mtu kabla hajafungua mdomo. Kwa hadithi ya mafunzo hiyo njia ni kali sana na hakuna aliyeifanya vizuri kumzidi, jina linakuwa hukumu. Ila angalia linachofanya kwa upande wa pili, linamfunga mtu. Majivuno hawezi kuendelea vitabu vitatu akajifunza unyenyekevu, akijifunza jina linakuwa la uongo. Kesi ikiisha na stori imeisha, na nchi yake nyingine ya kubuni, Kufikirika, iliyochapishwa 1967 wakati mwenyewe alishafariki 1962, ni nchi nyingine kabisa na mambo mengine kabisa, haiendelezi kesi ya Karama. Ilikuwa imejengwa ili iishe. Kwahiyo ukiwa na ndoto ya kuandika stori ndefu ya vitabu vitano na steringi wako umemwita Ushujaa, umeshajifungia mlango mwenyewe.

Jina linalofungua mlango ni la aina nyingine, nalo tunaishi nalo kila siku. Mweke kwenye ukurasa wa kwanza mtoto anaitwa Doto. Usiseme kitu kingine, mpe jembe aende shambani. Msomaji yeyote wa Tanzania, hasa wa huku kwetu na kwa majirani zetu Wanyamwezi na Wasukuma, ameshajiuliza Kulwa, pacha wake, yuko wapi. Amekufa? Aliibiwa? Yuko kwa wale wa kwenye mawe? Hujaandika fumbo lolote, jina lenyewe ndio fumbo. Hivyo hivyo na Pili ambaye hana Mosi nyumbani kwao, na mtoto anaitwa Shida kwenye familia ambayo leo ni tajiri. Majina yetu mengi yana nyuma yake, na mtunzi akiyatumia kwa akili anaacha vitu vimelala kwenye stori ambavyo atakuja kuviamsha akitaka.

Alafu kuna majina ya matukio, haya ndio nayapenda kuliko yote. Wagogo njaa kubwa wanaipa jina, na njaa ya Mtunya ya 1917 mpaka 1920 imebaki na jina lake mpaka leo, vita ya kwanza ya dunia ilipita huku, majeshi ya Wajerumani na baadae ya Waingereza yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua zikagoma. Wazee walikuwa wanahesabia umri kwa hiyo njaa, fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada. Neno moja lina vita, ukame, kuhama na makaburi ndani yake. Mtunzi akifanya hivyo kwenye dunia yake, bibi wa Chiduhwa akasema tu "huyo alizaliwa mwaka wa Lusungwi" akaendelea kuchambua mlenda wake, msomaji anajua hapa pana historia, kuna kitu kilitokea mwaka huo na bibi hataki kukiongelea.

Na hapa ndipo swali la kwanza linaposhikana na la pili. Lusungwi ni nini? Kulwa yuko wapi? Kule Ing'onde ambako kila mtu anakutaja na hakuna aliyekwenda kuna nini? Haya nayaita majina yasiyofikiwa, yametajwa kwenye stori ila stori haijakanyaga. Kila jina la hivyo ni ahadi, iwe ulikusudia au hukukusudia. Mtunzi anapomaliza stori na kujiuliza aendelee au aache, kitu cha kwanza afungue daftari lake la majina aangalie ni yapi hayajafikiwa, na kati ya hayo ni yapi yanamuuma mtu aliye hai ndani ya stori. Hilo la kuumwa ndio kipimo chenyewe. Ing'onde ikiwa ni kijiji tu hakijatembelewa, hiyo ni jiografia, dunia nzuri lazima iwe na sehemu ambazo hatufiki na ukizifikia zote inakuwa ndogo kama uwanja wa nyumba. Ila Kulwa anamuuma Doto kila akiitwa jina lake, maana kila anayemwita anamkumbusha. Hapo kuna kitabu.

Kipimo cha pili ni kama steringi bado ana kitu cha kupoteza. Tolkien huyohuyo baada ya ile kazi yake kubwa alianza kuandika muendelezo, wa miaka mingi baada ya ile vita ya pete, akaandika kurasa chache akauacha, aliona itakuwa stori ya kusisimua ya njama na wapanga njama na haitafika zaidi ya hapo, haikustahili kuandikwa. Dunia yake ilikuwa na majina ya kumtosha maisha mazima, mashabiki walikuwepo, lakini lile jambo kubwa lilikuwa limeshaisha. Ni uamuzi mgumu sana ule na nauheshimu mno, kwa sababu kuendelea kungemlipa.

Kinyume chake ni Ursula Le Guin wa Marekani. Yeye alitoa vitabu vitatu vya visiwa vyake vya wachawi kati ya 1968 na 1972, dunia ambayo uchawi wenyewe ni kulijua jina la kweli la kitu, na watu wakaona kazi imeisha. Akarudi 1990. Kwenye vile vya mwanzo shule ya wachawi ilikuwa ya wanaume watupu na nguvu kubwa za uchawi ziko kwa wanaume, na yeye mwenyewe baada ya miaka akaliona hilo, kwamba kuna nusu nzima ya dunia aliyoiumba ambayo hajaisikiliza, akaandika kwa upande wa mwanamke wa kawaida anayeishi shambani. Kile cha 1990 akakiandika kabisa kwamba ndio cha mwisho, na bado 2001 akarudi tena. Kwahiyo stori kuisha sio kitu unachoamua mara moja. Inategemea kama umeona swali ambalo hukuliona mwanzo, na hilo linaweza kuja baada ya miaka 18.

Sasa mashabiki na hela, tuseme ukweli. Mtunzi anayeuza softikopi kwa kutumiwa hela ya simu anakula kutokana na kuendelea, na sioni aibu yoyote hapo. Ila komenti zina aina mbili na mtunzi ajifunze kuzitenganisha. Kuna ya "mzee tupia nyingine", "usiimalize hii bado tamu", na kuna ya "hivi yule mama aliyeachwa mtoni alienda wapi?" Ya kwanza inakwambia watu wanakupenda na wamezoea kukusoma usiku kabla ya kulala, hao ukiwapa stori mpya yenye ladha ileile watakuja nayo. Ya pili ndio inakwambia stori haijaisha, kuna jina uliliacha na mtu analibeba. Ukiwa na komenti 300 za aina ya kwanza na hakuna hata moja ya aina ya pili, anza kitu kipya. Ukiwa na 6 za aina ya pili zote zinamuulizia mtu mmoja, kitabu chako kinachofuata kimeshajulikana.

Kuna ugumu mmoja wa kuposti kila siku ambao watunzi wa vitabu hawanao. Kwenye miswada ya mwanzo ya Tolkien, Frodo, yule steringi anayeibeba ile pete, aliitwa Bingo, na yule mtembezi wa porini ambaye baadae anakuwa mfalme alikuwa kiumbe mfupi anavaa viatu vya mbao. Angekuwa anaposti sehemu moja moja asingeweza kubadilisha, watu wangekuwa wameshamzoea Bingo. Wewe ukishaposti sehemu ya kwanza jina limeganda. Kwahiyo kabla ya kuanza kuposti uwe na sheria za sauti za kila jamii, uwe umeshapitisha mashina kwenye viambishi, na kila jina likitoka liandike kwenye daftari limetajwa sehemu ya ngapi, na nani kalitaja, na limefikiwa au bado. Hilo la mwisho hakuna anayeliandika na ndilo litakalokuokoa.

Na zile unazoziacha, usiziache kimya. Waambie watu wazi kwamba hii haiendelei, na kama yapo majina yanayomuuma mtu, andika hata sehemu moja fupi uyafikie ufunge. Kwenye ile dunia ya Waduhwa, ningekuwa na nyuzi tatu mkononi mwisho wa kitabu cha kwanza: kugombania kiti cha utemi, mwaka wa Lusungwi, na Kulwa. Utemi ningeuacha, mgombea mmoja akishinda mwingine anaondoka na imeisha, watu wangeupenda ila hauna swali. Kulwa ningemfuata mpaka juu kwenye mawe, nimkute amekua huko, ana jina fupi la silabi mbili lenye r katikati, na hajui kama aliwahi kuitwa Kulwa. Lusungwi ningeiacha mdomoni mwa bibi kwa kitabu kizima kingine, mpaka nijue mwenyewe ni nini kilitokea mwaka huo, kwa sababu kwa sasa sijui na nikilazimisha nitabuni tu vita.